Binti yangu ni Mnyasa, ngoma yake ni muheme. Wazazi wenye watoto wa ngoma shuleni tukutane hapa

#1 Baba Wawili (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Naandika sauti ikiwa imekauka. Jana nilipiga kelele uwanjani mpaka mke wangu akanivuta shati, na leo kanisani nimeshindwa kuimba. Binti yangu wa kwanza yuko darasa la sita, shule ya serikali hapa Dodoma mjini. Jana kikundi chao kilicheza kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za msingi, ngazi ya wilaya, upande wa ngoma. Walicheza muheme.

Kwa ambaye hajauona, muheme ni ngoma ya Wagogo na wapigaji wake ni wanawake. Kila mmoja anabana ngoma yake katikati ya mapaja, ngoma yenye kiuno chembamba, anapiga kwa viganja akiwa amesimama na kuinama kidogo. Hawapigi kitu kimoja. Huyu anaweka hapa, yule anajaza pale, kubwa inanguruma chini, na juu yake kuna mwimbishaji na waitikiaji. Ukisimama karibu unasikia tumbo lako linatikisika.

Sisi si Wagogo. Mimi ni Mnyasa wa Mbamba Bay, mama yao ni Mbena wa Njombe. Tulifika hapa 2017 ofisi zilipohamia Dodoma, huyu mtoto hajaanza hata shule.

Sasa nieleze kwa nini jana ilikuwa kubwa kwangu. Akiwa darasa la nne, mama yake alimkuta ana weusi ndani ya mapaja, pande zote mbili, kama aliyechapwa. Mtoto akasema ni ngoma. Sikumwamini. Kesho yake asubuhi nilifika shuleni nimekunja ndita, nikamuuliza mwalimu wa ngoma ananifanyia nini mwanangu. Mwalimu hakubishana na mimi. Aliingia stoo, akatoka na ngoma moja, akasema, "Baba, ibane uone." Dakika haikuisha ikaniponyoka. Hapo nikaelewa ule weusi umetoka wapi. Lakini niliondoka na uamuzi uleule: aache. Mtihani wa taifa wa darasa la nne ulikuwa mbele, na nilijiambia ngoma haina mtihani.

Aliacha. Hakulia, hakununa. Ila jioni nilianza kusikia kitu uani. Alikuwa amechukua ndoo tupu ya rangi, ameigeuza kichwa chini, anasubiri maji ya ugali yachemke huku anapiga. Mdogo wake wa kiume anamjibu kwa mwiko kwenye sufuria. Siku moja mama yangu alipiga simu kutoka Mbamba Bay, tukawa tunaongea habari za mihogo. Ghafla akanikatisha: "Nani huyo anapiga?" Nikamwambia ni mjukuu wako, na ndoo. Akasema mpelekee simu. Nikaiweka simu kwenye spika karibu na ndoo. Mama yangu alikaa kwenye simu ile mpaka salio lake likaisha.

Baada ya wiki nikarudi kwa mwalimu yule na kumwomba radhi, na mtoto akarudi kwenye ngoma.

Jana sasa. Nimesimama kwenye kamba ya uwanja, pembeni yangu kuna bibi wa Kigogo mwenye fimbo, amekuja kumtazama mjukuu wake wa shule nyingine. Akaniuliza yule wa tatu kutoka kushoto ni wa nani. Nikasema ni wangu. Akauliza, ninyi ni Wagogo wa wapi? Nikasema mama, sisi ni watu wa Nyasa. Akanyamaza, akaendelea kumtazama, kisha akasema: "Nani amemfundisha kusubiri?"

Sikumwelewa. Akanionyesha kwa fimbo. Wenzake wakishusha, wangu anaacha nafasi ya pigo moja, halafu anaingia. Bibi akasema wasichana wengi wa siku hizi wana mikono mizuri lakini wanakimbiliana.

Wamekuwa wa pili wilayani. Wiki ijayo ni kuchagua timu ya kwenda mkoani.

Nina maswali mawili na ninauliza kwa moyo. La kwanza, mwenye mtoto aliyeendelea na ngoma hadi sekondari anieleze ilikuwaje na masomo. La pili, shangazi yake mtoto ameniambia nawalea watoto wasiojua kwao, kwamba mtoto wa Nyasa angejifunza chioda, ngoma ya wanawake wa kwao, kabla ya kubeba ngoma ya watu. Hilo limenikaa. Naomba mawazo.

#2 Kisima cha Ilazo

Hongera sana mzazi. Nami nilikuwepo jana, wangu yuko netiboli. Kikundi chenu nakikumbuka, kile cha wasichana waliovaa kaniki na shanga nyeupe kichwani. Uwanja wote ulisogea upande ule.

#3 Mlezi Makini

Hongera kwa mtoto. Lakini ndugu umeomba mawazo, basi nami nitoe langu bila kuficha.

Unajua asili ya hiyo ngoma? Muheme ulikuwa ngoma ya kuwacheza wasichana, yaani shughuli za unyago. Mimi nina mabinti watatu na suala hili nalichukulia kwa uzito. Mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na mbili anafundishwa ngoma ya kumwambia msichana amekua, mbele ya hadhara, na sisi wazazi tunapiga makofi. Na zile siku za mazoezi kuelekea mashindano, vipindi vya mchana vinakwenda wapi? Mtihani hauulizi nani alishinda wilayani.

Sisemi ngoma ni mbaya. Nasema tuangalie tunachokipigia makofi.

#4 Mwana Chamwino

Mbukwenyi wakuu.

Mlezi Makini, nakujibu kwa heshima, maana ulilosema kuhusu asili ni kweli na sitalikana. Mimi ni Mgogo wa Chamwino, mama yangu alikuwa mpigaji wa muheme kijijini na bibi yangu kabla yake. Ndiyo, muheme ulikuwa wa wasichana walipovunja ungo. Wanawake ndio walioushika, na hapo ndipo heshima yake ilipo: katika mambo mengi ya Kigogo zeze na marimba vilikuwa mikononi mwa wanaume, lakini ngoma hii mwanaume hakuigusa. Anaimba, anaruka mbele, ila mapigo ni ya mama zake. Mimi nikiwa mdogo nilijua mwanamke mwenye nguvu anafananaje kwa kuwatazama wale mama wakiwa kwenye mstari.

Lakini usifikiri kinachofundishwa shuleni ni yale ya ndani. Yale yana mahali pake, wakati wake na watu wake, hayatolewi uwanjani na hakuna mama wa Kigogo atakayekubali yatolewe. Wanachocheza watoto ni mapigo na michezo ya mwili, na maneno ya nyimbo yanatungwa upya: mvua, kilimo cha mtama, kusoma, usafi, kuwakaribisha wageni. Hata nje ya shule muheme umeshatoka zamani kwenye unyago. Unachezwa harusini, kwenye mapokezi ya viongozi, hadi makanisani.

Mleta uzi, kuhusu weusi wa mapaja. Hiyo ni dalili kwamba ngoma ilikuwa kubwa kwa mwili wake au anaibana juu mno. Ngoma ikae karibu na magoti na ielekee mbele kidogo, uzito upokelewe na miguu yote miwili. Akiibana juu inateleza, naye anaongeza kukaza, ndipo nyama inaumia. Kitenge kizito kilichokunjwa mara mbili chini ya kaniki kinasaidia sana. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo mpaka uzeeni.

Na yule bibi aliposema kusubiri, alikupa sifa ambayo hawaitoi kwa mtu wa kupita. Ngoma ndogo kwenye muheme haipigwi juu ya mwenzake. Inaingia kwenye tundu alilomwachia. Mpigaji akiwa na haraka, tundu linazibwa na ngoma yote inakuwa kelele. Kuna watu wazima wanapiga miaka mingi bila kulijua hilo. Mwulize mtoto alilipata wapi, nami nataka kusikia.

#5 Mwalimu wa Kisesa

Nimefundisha ngoma shule za msingi huku Mwanza kwa muda mrefu, ngoja niongeze upande wa mashindano, maana wazazi wengi hawajui yanavyokwenda.

Inaanza shuleni, inapanda kata, wilaya, mkoa, kisha taifa. Kwa miaka ya karibuni taifa lilikuwa Mtwara 2021, halafu Tabora mfululizo, na 2025 Iringa. Ila mleta uzi ajiandae kwa jambo moja. Kuanzia ngazi za juu shule haiendi kama shule. Wanachaguliwa watoto kutoka shule mbalimbali, wanawekwa kambini pamoja, wanatengenezwa kuwa kikundi kimoja. Kwa hiyo kikundi kinaweza kufanya vizuri na mtoto wako asichaguliwe, au yeye akachaguliwa na rafiki yake wa pembeni akabaki. Watoto wanaumia hapo kuliko wanapofungwa. Zungumza naye mapema.

Mwamuzi anatazama nini? Mpangilio wa kuingia na kutoka, mapigo kushikana, uimbaji, vazi, na kama ngoma ni ile inayotajwa au imechanganywa na mitindo ya televisheni. Muda una kikomo na ukizidisha unakatwa alama. Nimeona vikundi vizuri sana vikianguka kwa muda tu.

Huku kwetu watoto wanacheza bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma. Asili yake ni kulima pamoja, ngoma inapigwa pembeni ya shamba na wakulima wanakwenda kwa mstari mmoja. Mtoto analirusha jembe, linazunguka hewani, analidaka bila kupoteza hatua. Tunaanza na mipini mitupu, jembe lenyewe anapewa baadaye sana. Na hapa Kisesa tuna bahati ya kuwa na Bujora, kituo cha utamaduni wa Wasukuma. Kila mwaka mwezi Juni, kwenye majira ya sikukuu ya Ekaristi, kunakuwa na tamasha la ngoma la Bulabo, na wagika na wagalu, makundi mawili ya wachezaji yenye upinzani wa jadi, wanashindana kuvuta watazamaji. Mshindi ni yule aliyezungukwa na umati. Watoto wangu nawapeleka kule kutazama watu wazima. Wanajifunza kitu nisichoweza kuwafundisha darasani, yaani kucheza huku mtu wa upande wa pili anajaribu kukunyang'anya watazamaji.

Kuhusu masomo, nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Mtoto mvivu anabaki mvivu hata ukimwachisha ngoma. Mtoto wa ngoma ambaye mzazi wake anakuja kuuliza maendeleo yake ya darasani na ya ngoma kwa uzito uleule, huyo sijawahi kumwona akipotea. Siku hizi mtaala wenyewe una somo la Sanaa na Michezo, kwa hiyo hii habari ya kuwa ngoma iko nje ya shule imeanza kupitwa.

#6 Mama Shinyalu

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nawasoma nikiwa Kakamega na machozi yamenilengalenga.

Kijana wangu ako kwa kikundi cha ngoma za kiasili shuleni, wanacheza isukuti. Ni ngoma yetu sisi Waisukha na Waidakho. Inakuja na ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara na njuga za chuma. Kwetu hakuna shughuli bila isukuti: mtoto akizaliwa, harusi, matanga, hata mpira ukichezwa. Lakini mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, maana wazee wanaoijua wanaisha na vijana hawaishiki. Mimi niliposikia hilo niliona aibu. Ilikuwa nyumbani kwetu siku zote na sikuwahi kumfundisha mtoto hata pigo moja. Shule ndiyo imemfundisha.

Huku watoto wanapanda kupitia Kenya Music Festival, ambayo ilianza 1927. Mwaka uliopita walifika ngazi ya mkoa. Nilisafiri na basi ya shule, nikakaa nyuma na zile ngoma miguuni. Kijana alikuwa ananikataza nisimwite jina mbele ya wenzake. Nikasema sawa. Walipoanza kucheza nilisimama na kumwita jina la babu yake, lile alilopewa. Alinisikia. Nilimwona akiinua kichwa.

Baba Wawili, huyo shangazi mwambie mtoto anayejua ngoma moja vizuri hashindwi kujifunza ya pili. Kijana wangu kwa kikundi chao ako na Mkisii na Mturkana, na wote wanapiga isukuti kama wamezaliwa Shinyalu.

#7 Baba Wawili (mleta uzi)

Nimesoma kila neno, zingine nimemsomea mke wangu kwa sauti. Mama Shinyalu, asante. Pale kwa jina la babu ilibidi nisimame kidogo nje.

Mlezi Makini, sikuchukia swali lako. Hata mimi nililiuliza kimoyomoyo na nikaona haya kulitamka. Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu nikamwomba anisomee maneno ya wimbo wao. Ni wimbo wa mama anayemwambia mwanawe asichelewe shule kwa sababu ya mifugo. Mwalimu naye ni mama wa Kigogo, akaniambia maneno karibu na yale ya Mwana Chamwino, kwamba ya ndani yana wenyewe. Mazoezi ni baada ya saa za masomo, na siku za mashindano tu ndizo wanazokosa vipindi. Nimeridhika.

Mwana Chamwino, uliniambia nimwulize mtoto. Nikamwuliza jana wakati wa chakula. Nani alikufundisha kusubiri? Akajibu bila kuinua uso kwenye sahani: "Bibi."

Nikasema bibi yupi, yule wa uwanjani? Akasema hapana, bibi wa Mbamba Bay.

Nikaweka kijiko chini. Akaeleza kwamba siku ile ya simu, bibi yake alimwambia mdogo wako anakufuata mbio, mwachie nafasi, na wewe usiingie mpaka umsikie amemaliza. Na kumbe haikuwa siku moja. Kila mama yao alipopiga simu kwetu Jumapili, bibi alikuwa anaomba apewe mtoto, wanapigiana. Bibi anapiga makofi kule, mtoto anajibu kwenye ndoo huku. Mimi nilidhani wanasalimiana.

Mama yangu alicheza chioda ujanani mpaka magoti yalipokataa. Sikuwahi kumwuliza hata mara moja habari za chioda. Namjua kama mama anayechambua dagaa.

#8 Mzee wa Liuli

Mwanangu Baba Wawili, mimi ni jirani yenu wa ziwa, nimestaafu ualimu zamani. Ngoja nikusaidie kwa shangazi.

Chioda ni ya wanawake, wanakwenda kwa mistari na hatua za pamoja, na wewe umeona mwenyewe kwamba hatua ya chioda haiharakishwi. Baba zetu walicheza mganda. Kaptura nyeupe, soksi ndefu, filimbi ya kiongozi, vibuyu vinavyolia kama tarumbeta, mistari iliyonyooka kama gwaride. Leo mtu wa Nyasa akiulizwa ngoma yake atasema mganda, atasema ni ya mababu. Lakini baba yangu aliniambia mganda umetoka wapi. Ulitoka kwa askari. Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha, vijana waliokuwa jeshini walirudi wakiwa wamesikia bendi na kuona gwaride, wakayatia kwenye ngoma. Upande wa pili wa ziwa, kwa Wamalawi, nao walifanya vivyo hivyo na wao wanaita malipenga. Pwani kulikuwa na beni, ngoma nyingine ya kuiga bendi. Ngoma ya mababu zetu ilikuwa mpya mikononi mwa babu zetu, na waliipenda hivyohivyo.

Nilipokuwa kijana shuleni, miaka baada ya uhuru, tulicheza sindimba ya Wamakonde. Mimi Mnyasa, wenzangu Wapare, Wahaya na Wahehe. Wazazi wengine walilalamika kwa ajili ya viuno. Hakuna aliyetuambia si yenu. Tulidhani kila ngoma iliyo Tanzania ni yetu, na bado nadhani hivyo.

Ila shangazi ana haki upande mmoja, mwanangu. Mpeleke mtoto kwa bibi yake. Simu haina magoti.

#9 Mlezi Makini

Mwana Chamwino na mleta uzi, nimewaelewa, na hilo la kwenda kusoma maneno ya wimbo nimelipenda. Nami nitafanya hivyo shuleni kwa binti zangu kabla sijatoa hukumu.

Langu la masomo nabaki nalo. Akiingia darasa la saba, mpunguzie.

Mzee wa Liuli, shikamoo. Sikuwa najua habari ya mganda.

#10 Kijana wa Bagamoyo

Nichangie kwenye swali la kuendelea. Mimi nilianzia ngoma za shule ya msingi Singida, nikaendelea UMISSETA, mashindano kama hayo ya shule za sekondari, nikaishia TaSUBa hapa Bagamoyo, kile kilichoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Sasa nafanya kazi ya ngoma na ninalipa kodi ya nyumba kwa mikono hii. Si kazi rahisi, miezi mingine mikavu kabisa, sitaki kumdanganya mzazi. Njia yenyewe ni amalize kidato cha nne akiwa na vyeti safi, maana hata chuo cha sanaa kinataka cheti. Mlezi Makini hapo yuko sahihi kuliko anavyodhani.

Na kwa kuwa mtoto anapiga ya Kigogo, mzee Hukwe Zawose ndiye aliyeupeleka muziki wa Wagogo duniani. Alizaliwa huko Doduma, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam kwenye kikundi cha ngoma cha taifa, kisha akafundisha hapa Bagamoyo, na alifariki mwishoni mwa 2003. Watu wa nyumba yake bado wapo. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah siku hizi wanashika wenyewe zile zana zilizokuwa za wanaume, wanaimba mbele, na wamepanda majukwaa makubwa ya Uingereza. Mwonyeshe mtoto video zao. Mtoto wa kike anayepiga muheme akiona mwanamke ameshika marimba ya Kigogo, kuna kitu kitamfungukia.

#11 Kisima cha Ilazo

Mkuu mleta uzi, mbona kimya? Timu ya mkoa imetoka?

#12 Baba Wawili (mleta uzi)

Samahani wakuu, nilikuwa safarini kikazi.

Timu imetoka. Shuleni kwao wamechukua wawili, yeye hayumo. Aliyechukuliwa kwenye nafasi yake ni msichana mkubwa kidogo, na mimi nilimwona akipiga, ni mzuri. Mwalimu wa Kisesa, nakushukuru sana. Nisingeongea na mtoto mapema kama usingeandika.

Hata hivyo aliumia. Siku ile hakuigusa ndoo. Siku ya pili mchana nikamkuta uani na rafiki yake, huyo huyo aliyechaguliwa, wanafanya mazoezi. Wangu ndiye aliyekuwa akihesabu. Alikuwa anamfundisha kuacha ile nafasi. Nilisimama mlangoni na begi langu mkononi, sikuingia mpaka walipomaliza.

Wakuu, nimeshangilia wilayani mpaka nikapoteza sauti, lakini siku ile ya mlangoni ndiyo niliyompigia mama yangu kumsimulia. Akacheka, akasema mlete.

Kwa hiyo likizo ya Desemba tunakwenda. Dodoma, Iringa, Njombe kwa wajomba siku mbili, Songea, Mbinga, halafu tunashuka ziwani. Mama amesema atamtafutia wale wenzake wa chioda waliobaki. Wako wanne. Na mtoto ameomba abebe ngoma, akamwonyeshe bibi yake muheme wenyewe badala ya ndoo. Mwalimu wa shule amekubali kutuazima moja ndogo, nimeweka sahihi kwenye daftari.

Swali langu la mwisho: ngoma inabebwaje kwenye basi safari ndefu hivyo? Naogopa kuirudisha imepasuka.

#13 Mwana Chamwino

Usiiweke kwenye buti la basi kabisa, kule kuna joto la injini na mizigo itaikandamiza. Ifunge khanga mbili, ngozi ielekee juu, mtoto aipakate au iwe miguuni pako. Asiipake mafuta yoyote.

Jambo jingine: ngozi hii imezoea ukavu wa Dodoma. Kule ziwani Desemba ni mvua na unyevu, mtaamka asubuhi mtaikuta imelegea, sauti imezama. Msiogope, haijaharibika. Washeni moto mdogo wa kuni, iwekwe pembeni, ngozi ielekee motoni kwa umbali wa mkono mmoja, na aigonge kidogo kila baada ya muda kusikia inavyopanda. Ikianza kulia kama anavyoijua, aitoe mara moja.

#14 Mzee wa Liuli

Kuni kavu za Desemba kwa mama yako ni shida. Pitieni kwangu Liuli, ninazo ghalani. Nami nataka kuisikia hiyo ngoma.

#15 Baba Wawili (mleta uzi)

Mzee wangu, tutapita. Nimemwambia mtoto, ameshaandika kwenye daftari lake: kuni, Liuli.